Kuweka LineageOS kwenye kishikwambi cha Nexus 7 cha mwaka 2013

Kishikwambi cha Nexus 7 cha toleo la pili, ambacho Google ilikitangaza tarehe 24 Julai 2013 na kampuni ya Asus ikakitengeneza, bado ni kifaa kizuri kwa kila kinachoshikika. Kioo chake cha inchi 7 kina nukta 1920 kwa 1200, na maandishi madogo ya kitabu yanasomeka juu yake kwa uwazi ambao vishikwambi vingi vya bei ya chini vinavyouzwa leo vikiwa vipya havina. Kina RAM ya GB 2, prosesa ya Snapdragon S4 Pro yenye viini vinne, na uzito wa gramu 290 ambao hauchoshi mkono. Kilichokwama ni programu. Toleo la mwisho la Android ambalo Google ilikipatia ni 6.0.1, na viraka vya usalama vilikoma mwaka 2016.

Kukwama huko hakukuonekana mara moja. Kwa miaka kadhaa kishikwambi kiliendelea kufungua tovuti, kucheza video na kupokea barua pepe, na mwenye nacho hakuwa na sababu ya kujiuliza maswali. Halafu milango ikaanza kufungwa mmoja baada ya mwingine. Tarehe 30 Septemba 2021 kiliisha muda wake cheti mama, yaani cheti cha juu kinachothibitisha vyeti vingine, ambacho vifaa vya zamani vilikitegemea ili kuziamini tovuti zinazotumia vyeti vya Let's Encrypt. Shirika hilo hutoa vyeti bila malipo, na kwa sababu hiyo limekuwa tegemeo la tovuti nyingi mno, hasa za shule, magazeti madogo na vikundi vya kijamii visivyo na bajeti. Liliweka mpango wa muda wa kuvibeba vifaa vya zamani vya Android, na mpango huo nao ukafikia ukomo mwezi Septemba 2024. Cheti mama kipya, ISRG Root X1, kinatambuliwa na Android kuanzia toleo la 7.1.1 tu. Matokeo yake ni kwamba mtu mwenye Android 6.0.1 anafungua ukurasa wa kawaida kabisa na kukutana na onyo kubwa la usalama, anadhani mtandao una hitilafu au bando limekwisha, kumbe kifaa chake hakina tena mtu wa kukithibitishia kwamba tovuti ile ni salama. Chrome nayo iliacha kutoa matoleo mapya kwa ajili ya Android 6 mwaka 2022. Firefox hubeba orodha yake yenyewe ya vyeti, hivyo ilisaidia kwa kuvinjari, lakini programu nyingine nyingi husoma orodha ya mfumo na hazina pa kukimbilia.

Nimeandika haya yote mwanzoni kwa sababu watu wengi hulifikiria jambo hili la kubadilisha famuwea, yaani kuondoa mfumo wa kiwandani na kuweka LineageOS, mfumo huria unaojengwa juu ya Android, kama burudani ya vijana wanaopenda kuchezea vifaa. Kwangu mimi ni ukarabati, sawa na kubadilisha kioo au betri. Kishikwambi hiki nilikinunua kikiwa kimetumika, kwa ajili ya mpwa wangu anayesoma sekondari, nikiwa na nia moja: apate mahali pa kusomea vitabu vya PDF na kamusi bila kushindana na simu ya mama yake. Hapa kwetu vifaa vilivyotumika huko nje vinaingia kila siku, na vingi vinafika vikiwa vizima kwa mwili lakini vimeachwa na makampuni yao. Zaidi ya hapo, vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 viligawiwa kwa walimu wa Tanzania, na navyo vinasogea kwenye umri ambao watengenezaji huacha kuvihudumia. Hivyo ni mali ya umma na simshauri mwalimu yeyote akiguse cha kwake bila idhini, lakini ujuzi wa kurefusha maisha ya kifaa utahitajika, na ni vizuri uandikwe kwa lugha ambayo walimu na mafundi wetu wanaifikiria.

Inafaa pia kueleza kwa nini kampuni huacha, maana jibu la uchoyo peke yake halitoshi. Prosesa ya kifaa hiki imetengenezwa na Qualcomm, na mtengenezaji wa prosesa ndiye anayetoa kifurushi cha draiva kinachounganisha Android na vifaa vya ndani kama kamera, Wi-Fi na kichakata picha. Akishaacha kukihuisha kifurushi hicho, mtengenezaji wa kifaa hubaki na draiva zilizofungwa ambazo hawezi kuzirekebisha mwenyewe. Nexus 7 ilitoka na kerneli (kiini cha mfumo kinachoongoza vifaa vya ndani) ya Linux 3.4, na hadi leo inaendeshwa na kerneli ya Linux 3.4. Mwaka 2017, katika Android 8, Google ilileta utaratibu unaoitwa Treble, ambao unatenganisha sehemu ya mfumo na sehemu ya mtengenezaji wa prosesa ili moja iweze kubadilishwa bila kuigusa nyingine. Vifaa vingi vilivyotangulia havikufaidika na utaratibu huo.

Kilichokiokoa kishikwambi hiki ni uwazi wa msimbo wake. Kerneli ya Linux iko chini ya leseni ya GPL, inayomlazimu anayeisambaza kutoa msimbo wake, na sehemu kubwa ya Android hutolewa wazi kupitia AOSP, mradi wa Google wa msimbo huria wa Android. Mwaka 2009 Steve Kondik alianza kuutumia uwazi huo kwenye simu ya HTC Dream, na kazi yake ikakua kuwa mradi mkubwa wa CyanogenMod. Kampuni iliyoundwa kuuendeleza kibiashara ilifunga huduma zake mwisho wa Desemba 2016, na ndani ya siku zile zile watu waliokuwa wakijitolea wakauchukua msimbo na kuuendeleza kwa jina la LineageOS. Kwa Nexus 7 ya mwaka 2013 wamefika hadi LineageOS 18.1, ambayo msingi wake ni Android 11. Kuvuka hapo ni kugumu kwa sababu ya kiufundi iliyo wazi: Android 12 na zinazofuata hudai kerneli iwe na uwezo unaoitwa eBPF, na kerneli ya 3.4 ni ya zamani kuliko uwezo huo. Hata hivyo, hatua ya kutoka Android 6 hadi 11 si ndogo. Naiheshimu sana kazi ya watu hao, ambao wengi wao hawalipwi chochote kwa ajili ya kifaa ambacho hakiuzwi tena dukani.

Sasa niingie kwenye kazi yenyewe, na nianze na mwili wa kifaa, maana hakuna famuwea itakayotibu betri mbovu. Mfuniko wa nyuma wa Nexus 7 umebanwa kwa vishikizo na hutoka kwa kuupekecha taratibu kwa kitu cha plastiki. Betri ikiwa imevimba hata kidogo, kazi isimame hapo mpaka ibadilishwe, kwa sababu kifaa kitakachozimika katikati ya kuandikwa kinaweza kuharibika, na betri iliyovimba ni hatari ya moto kabla ya kuwa kikwazo cha programu. Tundu la kuchajia ni la micro-USB, na kwenye vishikwambi vya umri huu mara nyingi limelegea. Uzuri ni kwamba kifaa hiki kinaweza kuchajiwa bila waya kwa mfumo wa Qi, hivyo katika matumizi ya kila siku tundu linaweza kupumzishwa. Katika kazi ya kuflashi, yaani kuandika programu mpya kwenye kifaa, lakini, waya haukwepeki. Tafuta waya mzuri unaopitisha data, kwa sababu nyaya nyingi za bei rahisi zina nyuzi za umeme peke yake, na mtu anaweza kupoteza jioni nzima akilaumu draiva ilhali waya wake hauna hata njia ya kupitishia taarifa.

Jambo la pili ni kukitambua kifaa kwa jina lake la ndani. Kuna Nexus 7 ya mwaka 2012 yenye prosesa ya Tegra 3, na hiyo ni kifaa kingine kabisa. Ya mwaka 2013 yenye Wi-Fi peke yake inaitwa flo, na yenye sehemu ya laini ya simu inaitwa deb. Jina hilo utaliona ukikiwasha kishikwambi huku umeshikilia kitufe cha kuwashia pamoja na cha kupunguza sauti. Faili la kifaa kimoja lisitumike kwenye kingine, hata kama kwa sura vinafanana kama mapacha. Hapo hapo angalia ukubwa wa hifadhi. Kishikwambi hiki hakina nafasi ya kadi ya kumbukumbu, kwa hiyo mwenye uwezo wa kuchagua achague cha GB 32 badala ya GB 16.

Tatu, na hili nalitilia mkazo kuliko yote, ni kuelewa unabadilisha nini. Ndani ya kifaa kuna ngazi tatu zinazotuhusu. Ya kwanza ni butiloda, programu ndogo inayoamka kabla ya kitu kingine chochote na kuamua nini kiruhusiwe kuwaka. Ya pili ni rikavari, mfumo mdogo wa dharura wenye kazi ya kufuta, kurejesha na kusakinisha. Ya tatu ni mfumo wenyewe, yaani Android na kerneli yake. Sisi tunafungua kufuli la butiloda bila kuibadilisha butiloda yenyewe, tunabadilisha rikavari, kisha tunatumia rikavari mpya kubadilisha mfumo. Mtu akiushika mpangilio huo kichwani, ujumbe wa makosa hautamtisha, kwa sababu atajua kosa liko ngazi gani. Na maadamu butiloda haijaguswa, kifaa kisichowaka hakijafa. Kinaweza kurudishwa. Mafundi wengi husema kifaa kimekuwa tofali mapema mno, wakati ambapo skrini ya butiloda bado inafunguka vizuri.

Mafaili yapakuliwe yote kabla ya kuanza, na yapakuliwe kutoka kwenye kurasa za miradi yenyewe. Yanahitajika haya: adb na fastboot, programu za kukituma kishikwambi amri kutoka kwenye kompyuta, zinazotolewa na Google kwa jina la platform-tools, rikavari mbadala iitwayo TWRP, faili la LineageOS, na picha ya kiwanda (nakala kamili ya mfumo wa awali) ya Android 6.0.1 ambayo Google iliiweka hadharani kwa jina la razor, toleo la MOB30X. Hiyo ya mwisho watu huiona kuwa kupoteza bando, nami naiona kuwa ndiyo bima ya kazi nzima. Kila faili huja na namba ndefu ya SHA-256 ya kukagulia kama limefika likiwa zima. Kwenye Linux namba hiyo huhesabiwa kwa amri ya sha256sum, na kwenye Windows kwa amri ya certutil -hashfile ikifuatiwa na jina la faili na neno SHA256. Namba zikitofautiana hata kwa herufi moja, faili litupwe na kupakuliwa upya. Kwa mtandao wetu unaokatika katikati ya upakuaji wa mamia ya megabaiti, kukagua huku si anasa. Kuna sababu nyingine pia: mafaili ya famuwea yanayozungushwa kwenye magrupu ya mafundi, yakiwa hayana mwenyewe wala namba ya kukagulia, yanaweza kubeba matangazo na programu za kijasusi ndani ya mfumo, mahali ambapo mtumiaji hawezi kuziondoa. Mimi siweki kwenye kifaa cha mtoto faili nisilojua limetoka wapi.

Ni bora kutumia kompyuta ya mkononi yenye betri nzima kuliko ya mezani, kwa sababu umeme ukikatika kompyuta ya mkononi haitazimika na waya hautapoteza mawasiliano. Kishikwambi chenyewe kiwe na chaji ya kutosha, angalau zaidi ya nusu.

Ndani ya Android ya zamani, fungua Mipangilio, nenda kwenye sehemu ya Kuhusu, na uguse nambari ya muundo mara saba mpaka chaguo za wasanidi programu zitokee. Humo washa utatuzi wa USB. Ukiunganisha waya na kuandika adb devices kwenye dirisha la amri, kishikwambi kitauliza kama unaiamini kompyuta hiyo. Ukikubali, namba ya kifaa itaonekana. Kisha amri ya adb reboot bootloader itakipeleka kwenye skrini ya butiloda, na amri ya fastboot devices itathibitisha kwamba mawasiliano bado yapo. Watumiaji wa Windows wajue kwamba mara nyingi kompyuta hudai draiva tena katika hatua hii, hata kama adb ilikubali vizuri dakika moja iliyopita, kwa kuwa Windows inakiona kishikwambi kilicho kwenye butiloda kuwa kifaa kingine. Kwenye Linux tatizo la kawaida ni ruhusa za USB.

Amri ya kufungua kufuli ni fastboot oem unlock. Skrini ya kishikwambi itaonyesha onyo na kuuliza kama una hakika. Unachagua kwa vitufe vya sauti na kuthibitisha kwa kitufe cha kuwashia. Kila kitu kilichomo kitafutwa: picha, ujumbe, nyaraka, vyote. Ufutaji huo umewekwa kwa makusudi, na nauona kuwa wa haki, kwa sababu bila huo mwizi angeweza kufungua kufuli, kuweka rikavari yake na kusoma mambo ya mwenye kifaa. Kwa hiyo nakala za kila kitu cha thamani ziwe zimehamishwa kwenye kompyuta kabla ya amri hii, na ziwe zimefunguliwa na kuangaliwa kwamba zinafunguka. Baada ya hapo, kila kishikwambi kinapowaka, chini ya jina la Google itaonekana alama ndogo ya kufuli lililo wazi. Itabaki hapo, na haina madhara.

Rikavari inaandikwa kwa amri ya fastboot flash recovery ikifuatiwa na jina la faili la TWRP. Hapa kuna hila moja inayowasumbua wengi. Baada ya kuandika, usikiwashe kishikwambi kwa njia ya kawaida. Android ya kiwandani ina utaratibu wa kukagua rikavari kila inapowaka na kuirudisha ya kwake ikiiona imebadilika, kwa hiyo mtu huandika TWRP, anawasha upya, anarudi na kukuta haipo, na kuanza kudhani kwamba amri ilishindwa. Dawa ni kutumia vitufe vya sauti palepale kwenye skrini ya butiloda mpaka lionekane neno la rikavari, kisha kuingia moja kwa moja.

Kinachofuata ni hatua ambayo ni ya kipekee kwa kishikwambi hiki, nami naieleza zaidi kwa sababu maelezo mengi ya zamani hayaitaji kabisa. Hifadhi ya ndani imegawanywa katika patisheni, na patisheni ya mfumo ambayo Google iliitenga mwaka 2013 ni ndogo, haifiki hata GB 1. Kwa Android 4.3 iliyotoka nayo ilitosha. Kwa Android 11 haitoshi. Wasanidi wakatengeneza skripti inayoendeshwa ndani ya TWRP na kuipanga upya hifadhi hiyo, ikiongeza nafasi ya mfumo kwa kupunguza kidogo nafasi ya mtumiaji. Kifaa kilichopangwa upya kwa namna hiyo hupewa jina la flox badala ya flo, au debx badala ya deb, na mafaili ya LineageOS 18.1 yalitolewa kwa jina hilo jipya. Mtu akijaribu kuweka faili la flox kwenye flo ambayo haijapangwa upya, rikavari itakataa, na ukataaji huo ni kinga. Skripti hii ndiyo hatua pekee katika kazi nzima ambayo waya kuchomoka au chaji kuisha kunaweza kuleta shida ya kweli, maana jedwali la patisheni ndilo linaloandikwa. Weka kishikwambi mezani, usikiguse, soma kila mstari unaoonekana kwenye skrini, na subiri mpaka kiseme kimemaliza. Baadaye weka rikavari iliyoandaliwa kwa ajili ya mpangilio huo mpya, ingia ndani yake, na ufute upya sehemu ya data.

Usakinishaji wa mfumo wenyewe ni mwepesi kuliko yote yaliyotangulia. Rikavari inawekwa kwenye hali ya kupokea faili kutoka kwenye kompyuta, na kwenye kompyuta inaandikwa amri ya adb sideload pamoja na jina la faili la LineageOS. Asilimia zitapanda. Mara nyingine hesabu kwenye kompyuta hukomea asilimia 47 na kutoa ujumbe unaofanana na kosa, ilhali kazi imekamilika salama. Kinachoaminika ni kile kilichoandikwa kwenye skrini ya kishikwambi.

Kabla ya kuwasha kwa mara ya kwanza kuna uamuzi mmoja wa kufanya, nao ni kama utaweka huduma za Google au hutaweka. LineageOS haiji nazo kwa sababu si za wazi na zina leseni yake. Anayezitaka anaziongeza kama kifurushi cha pembeni, kilichoandaliwa kwa Android 11 na kwa prosesa za ARM za biti 32, na lazima aziweke sasa, kwa sababu kuzichomeka baada ya mfumo kuwaka huleta vurugu. Mimi sikuziweka. Huduma hizo hufanya kazi nyuma ya pazia muda wote, na kwenye RAM ya GB 2 uzito wake unahisiwa: kurasa zinafunguka kwa kusitasita, na programu uliyoiacha dakika moja iliyopita inaanza upya. Bila hizo kishikwambi ni chepesi na betri yake hudumu zaidi. Naelewa kwamba mwenye kuhitaji programu zilizofungamana na akaunti ya Google hana budi kuziweka, na sioni kosa katika hilo.

Kuwaka kwa mara ya kwanza huchukua dakika nyingi kuliko kawaida, na nembo ya LineageOS huzunguka mpaka mtu aanze kuingiwa na wasiwasi. Iache izunguke. Baada ya hapo Kiswahili kinachaguliwa kwenye orodha ya lugha, Wi-Fi inaunganishwa, na tovuti zilizokuwa zikitoa onyo la usalama zinafunguka.

Programu za mpwa wangu nilizichukua kutoka F-Droid, hazina ya programu huria ambayo haidai akaunti. KOReader inasoma PDF na EPUB na ina uwezo wa kukata pambizo za kurasa, jambo ambalo kwenye kioo cha inchi 7 linabadilisha kabisa usomaji wa vitabu vilivyopigwa skani. VLC inacheza video za masomo. Kiwix ndiyo ninayoithamini kuliko zote: inapakua Wikipedia katika faili moja la aina ya ZIM na kuisoma bila intaneti, na Wikipedia ya Kiswahili yote inaingia kwenye kishikwambi hiki na kuacha nafasi ya vitabu. Wikipedia ya Kiingereza yenye picha haiwezi kuingia, ni kubwa mno kwa GB 32, lakini yapo mafaili madogo ya mada maalumu kama tiba na hisabati. Kijana akiwa kijijini likizo, mahali ambapo mtandao ni wa kupanda juu ya kilima, bado anaweza kutafuta maana ya usanisinuru au historia ya Vita vya Majimaji.

Lazima niseme wazi mipaka ya usalama, maana nimeona watu wakiahidiwa kwamba kifaa kimekuwa kipya. Mfumo ni wa Android 11, na Google yenyewe imekwishaacha kuitolea Android 11 viraka. Draiva zilizofungwa za Qualcomm na famuwea ya Wi-Fi hakuna anayeweza kuzirekebisha nje ya kampuni hiyo. Butiloda iko wazi, kwa hiyo mtu akikishika kishikwambi mkononi anaweza kuingia kwenye rikavari. Kwa sababu hizo sikiweki kwenye kazi za fedha. Programu nyingi za benki zitakikataa zenyewe, kwa kuwa hukagua kama mfumo umeidhinishwa na Google na kama kufuli la butiloda limefungwa. Kuna njia za kuzidanganya, nami sizipendekezi: fedha za familia zibaki kwenye simu inayopata viraka. Kwa kusoma, kuandika na kutazama masomo, hali hii ni bora mara nyingi kuliko Android 6.0.1 iliyokuwepo, na ndiyo kazi niliyokikusudia.

Kwa wenye vishikwambi vya aina nyingine, kanuni ya ngazi tatu ni ile ile ingawa milango hutofautiana. Samsung haitumii fastboot. Ina hali yake ya upakuaji, na mafaili huandikwa kwa programu ya Odin kwenye Windows au Heimdall kwenye Linux. Katika vifaa vyake vyenye Knox, mfumo wa usalama wa Samsung yenyewe, kuweka famuwea isiyo rasmi huacha alama ya kudumu ambayo haifutiki hata ukirudisha mfumo wa kiwandani. Vishikwambi vya bei nafuu vyenye prosesa za MediaTek huandikwa kwa SP Flash Tool, lakini wengi wa watengenezaji wake hawakutoa msimbo wa kerneli licha ya leseni ya GPL kuwataka, na ndiyo maana kwa vingi vyao hakuna LineageOS ya kutafuta. Anayenunua kifaa kilichotumika kwa nia ya kukifanyia kazi hii afungue kwanza orodha ya vifaa vya LineageOS, ahakikishe jina la ndani limo, na ndipo atoe fedha mfukoni.

Atakayetaka kurudi kwenye Android ya kiwandani anaandika ile picha ya razor kwa fastboot, baada ya kwanza kurudisha mpangilio wa awali wa patisheni kama alikuwa amehamia flox. Mafaili yote haya, pamoja na namba zake za SHA-256 na maelezo mafupi ya hatua, nayahifadhi kwenye folda moja katika diski ya nje yenye jina la kifaa. Miradi huondoa vifaa vya zamani kwenye orodha zake na viungo vya kupakulia hufa, na kishikwambi kitakapohitaji kuandikwa upya sitaki nitegemee kama ukurasa fulani bado upo.